Mahakama haishikwi, hushikishwa

Nilikwenda kutoa fotokopi ya kadi ya mpiga kura. Ilikuwa kazi ya dakika tatu, lakini umeme ulikuwa umekatika. Hilo si habari Bukavu, mji ambao mto Ruzizi unatokea miguuni mwake, ukazungusha mitambo miwili ya umeme, kisha ukaenda zake kuelekea Uvira bila kutuaga. Basi nikakaa kwenye benchi nikingoja, na katika kungoja nikasikia sentensi ambayo imenisumbua tangu siku hiyo.

Mahali penyewe ni chumba kimoja kando ya barabara ya Lumumba, upande wa Nyawera. Hapa tunaziita sehemu hizo sekretaria pibliki. Ndani mna kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na mashine ya zamani ya kupigia chapa iliyofunikwa kitenge kama maiti ya mtu mwenye heshima. Mlangoni, panapofika mwanga wa bure, kuna meza ya mzee anayewaandikia watu barua. Aliwahi kuwa karani wa mahakama. Jina lake alinikataza kuliandika: “Liache, halina kazi hapo.” Kila mtu anamwita Papa, nami nitamwita Mzee.

Mbele yake alisimama mama mmoja, mtoto mgongoni, karatasi mkononi.

“Papa, balisezire muzigo yangu ya sabuni na mafuta.”

“Nani?”

“Ba-ofisi.”

Mzee akaipokea karatasi, akaisoma, akaigeuza kutafuta kama upande wa pili una neno. Hakuona kitu. Akavua miwani.

“Sawa, mama. Sasa ni zamu yako. Wewe utasezire parke.”

Mama akacheka kicheko kifupi, kile cha mtu aliyekwisha kulia njiani. “Mi? Mi njo balisezire, sasa mi tena ntasezire nani?”

Umeme uliporudi nilitoa fotokopi nikaondoka. Kesho yake nikarudi bila karatasi yoyote ya kutoa.

*

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, kusezire ni kitenzi cha Kifaransa, saisir, kilichovalishwa kiambishi chetu na kupewa uraia. Ninyi mngesema mali imekamatwa, imezuiwa au imetwaliwa. Bukavu mambo yote hayo yamo ndani ya kusezire. Polisi wa barabarani anasezire pikipiki. Dwani, yaani forodha, inasezire gunia. Mtoza kodi anasezire bidhaa za duka. Wisiye, yule ofisa wa mahakama mwenye mkoba wa karatasi, anasezire friji na viti vya aliyeshindwa kulipa deni. Mtoto anayeuza mandazi Kadutu analijua neno hili kabla hajajua kuliandika jina lake.

Upande wa pili wa neno hilo, ule ambao Mzee alimpa mama yule kama silaha, watu wengi hawaujui. Katika Kifaransa cha sheria, mtu mwenye malalamiko naye “anasezire” mahakama, au parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Kitenzi ni kilekile. Ofisa anasezire sabuni yako, nawe unasezire parke juu ya sabuni yako. Kwa sikio la Kiswahili ni kichekesho. Raia atamkamataje hakimu? Atamfunga kamba?

“Nilikuwa na miaka ishirini na kitu nilipoanza kazi ya ukarani,” Mzee aliniambia, “na swali la mama yule lilikuwa langu. Niliona kwenye faili: mahakama imesezirewa na fulani. Nikajiuliza, huyu fulani ni nani mwenye nguvu za kuikamata mahakama? Kumbe ni mzee mmoja wa Bagira, kapokonywa uwanja, hana hata viatu.”

Aliishi na swali hilo miaka mingi. Jibu, anasema, hakulipata kwenye kamusi ya Kifaransa. Alilipata kwenye Kiswahili cha mama yake. Akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa gazeti la zamani, neno chini ya neno:

kushika
kushikwa
kushikilia
kushikisha

“Tazama,” akasema. “Kushika, huyo ni ofisa na sabuni. Kushikwa, huyo ni mama. Kushikilia, hiyo ni ile miezi ambayo sabuni inakaa kwao. Wote wanaishia hapo. Hili la mwisho wanalisahau. Kushikisha ni kumtilia mtu kitu mkononi, akishike yeye. Mahakama haishikwi, hushikishwa. Wewe unaichukua kesi yako, unamwekea hakimu kiganjani, unamfunga vidole: haya, shika! Kuanzia hapo hawezi kusema hakujua.”

Nikamkumbusha kwamba kushikisha tayari lina kazi nyingine mtaani. Anayetishiwa huambiwa atashikishwa adabu. Mzee akacheka mpaka akakohoa. “Ndiyo hilohilo! Wao wanatushikisha adabu, sisi tuwashikishe kesi.”

*

Mpwa wake, kijana anayefanya tafsiri za Kiingereza pale ndani, alitusikia akaja na kiti chake. Yeye ana mateso yake. Mashirika yanamletea ripoti za Kiingereza zenye vitenzi vitatu mahali ambapo sisi tuna kusezire peke yake: ‘seize’, ‘impound’, ‘confiscate’. “Mjomba, ukiandika kukamata mara tatu, mwenye ripoti anasema sentensi moja umeirudia na mbili umezila,” alilalamika.

Mchana ule tulivifungua vitenzi hivyo kimoja kimoja, kama watu wanaofungua katoni kuona kilichomo. Nakiri kwamba hapa ndipo nilipopotea kabisa, na sikutaka kupatikana.

‘Impound’ ina zizi ndani yake. Katika vijiji vya Uingereza ya zamani palikuwa na zizi la wote, ‘pound’, ambamo ng’ombe au mbuzi aliyepotea, au aliyeingia shamba la mtu, alifungiwa hadi mwenyewe aje alipe uharibifu na kumkomboa. Kwa asili yake, basi, neno hilo ni kutia zizini. Na zizi lina masharti yake. Mnyama hachinjwi humo wala haliwi. Anangoja mwenyewe.

Mzee hapo akapiga meza. “Hata Kifaransa! Unajua pikipiki zinapelekwa wapi?”

Ninajua. Motari gani wa mji huu hapajui? Panaitwa furiyere.

“Na furiyere ni nini? Ni neno la majani ya kulishia mifugo. Mnyama aliyekamatwa alifungiwa, akalishwa, na gharama ya majani ikawa juu ya mwenyewe. Kwa hiyo motari akiniletea karatasi inayosema alipe amende, halafu alipe tena fedha ya kila siku pikipiki iliyolala kule, mimi namwambia: kijana, pikipiki yako inakula majani huko ndani, na majani unanunua wewe.”

Ni mzaha, lakini wenye meno. Ng’ombe aliye zizini lazima ale, la sivyo atakufa. Pikipiki iliyo furiyere haili. Ikirudi, mara nyingine ndiyo imeliwa: betri haipo, vioo havipo, petroli imekauka.

‘Confiscate’ ina kapu ndani yake. Warumi waliita kapu la kutilia fedha ‘fiscus’, kisha neno hilo likawa jina la hazina ya kaisari mwenyewe. Kukonfiske, tunavyosema hapa, ni kutia mali ya mtu kapuni mwa mfalme. Haitoki tena. Kiswahili cha zamani kina ndugu wa neno hili, kufilisi, ambalo mizizi yake ya Kiarabu ni ileile ya fulusi. Aliyefilisiwa amebakiwa na vijisenti vya shaba. Hazina imejaa na yeye amebaki na mlio wa shaba mfukoni.

Tofauti ya zizi na kapu si ya wanaisimu peke yao. Ni tofauti ya sheria, na katika sheria za Kongo imeandikwa. Kanuni ya mwenendo wa jinai ya tarehe 6 Agosti 1959, iliyoachwa na Wabelgiji na ambayo bado tunaitumia, inamruhusu ofisa wa polisi ya mahakama kukamata vitu vinavyoweza kuwa ushahidi au vinavyoweza kuja kutwaliwa. Kutwaa kwenyewe ni adhabu, na adhabu hutolewa na hakimu. Ofisa ana zizi tu. Ufunguo wa kapu hana.

“Sasa niambie,” Mzee akauliza, “Bukavu hii umeona mazizi mangapi yaliyogeuka makapu usiku mmoja?”

Nikabaki na kalamu yangu.

*

Kitenzi cha tatu, ‘seize’, ndicho babu wa kusezire kwetu, kwa kuwa Waingereza nao walikipata kwa Wafaransa. Na huyu babu ana siri. Zamani za makabaila, kitenzi hiki hakikuwa cha kunyang’anya. Kilikuwa cha kukabidhi. Bwana alimshikisha mtu ardhi. Uingereza ya kale anayetoa shamba alimtilia anayepokea bonge la udongo au kijiti mkononi, mbele ya mashahidi, na kuanzia hapo ardhi ilikuwa yake kuishika. Wanasheria wa Kifaransa wana msemo wa kale mpaka leo, kwamba maiti humshikisha aliye hai: baba akikata roho, mali iko mkononi mwa mrithi papo hapo, haianguki chini.

Mzee, ambaye ni Mshi wa kuzaliwa, hakuona cha ajabu. Kwao Bushi kuna kalinzi. Ng’ombe anakwenda kwa mwami au kwa chifu aliye chini yake, ardhi inakuja kwa mtu na watoto wake. Anayepokea ameshikishwa. “Wazungu walikuwa na bonge la udongo, sisi tulikuwa na ng’ombe,” alisema. “Kisha katikati ya njia neno likageuza uso. Lilianza kwa kutoa, likazeekea katika kuchukua. Sehemu moja tu bado linatoa: pale raia anaposezire mahakama.”

Kisha akanisimulia habari ya redio.

Miaka ile vita vilipotugawa na kofia za bluu zilipoanza kuonekana mjini, kituo kimoja cha redio kilimwomba asaidie kutafsiri maazimio ya Baraza la Usalama ili wananchi wayasikie kwa lugha yao. La kwanza aliloletewa lilikuwa Azimio 1279 la tarehe 30 Novemba 1999, lililounda ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUC. Kurasa alizimaliza. Lilimshinda neno la mwisho. Maazimio ya Baraza kwa desturi hufungwa kwa sentensi moja, na kwa Kifaransa sentensi hiyo inasema Baraza linaamua kubaki “saisi” na suala. Kiingereza kinasema hivyohivyo.

“Jaribio la kwanza niliandika: Baraza linaamua kubaki limeshikwa na suala hili. Nikalisoma kwa sauti. Mke wangu akauliza, limeshikwa na nini, homa?”

Maana kwa Kiswahili mtu hushikwa na homa, na njaa, na usingizi, na hasira. Baraza lililoshikwa na Kongo lingehitaji dawa.

“Jaribio la pili: Baraza linaamua kuendelea kulishikilia suala hili. Hilo lilisomwa hewani. Kesho yake mtu ananisimamisha sokoni. Mzee, nimesikia New York wameshikilia suala letu. Sasa wataliachia lini? Tukalipe wapi?”

Jaribio la tatu alisalimu amri: Baraza litaendelea kulishughulikia suala hili. Ni Kiswahili safi, na hakuna aliyemsimamisha sokoni tena. “Lakini ni uongo mdogo,” alisema. “Kushughulikia ni kufanya kazi. Lile neno lao halisemi watafanya kazi. Linasema kesi iko mkononi mwao.”

Hapo ana hoja, na ina mizizi mirefu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 12, unasema Baraza la Usalama likiwa linatekeleza kazi yake juu ya mgogoro fulani, Baraza Kuu lisitoe mapendekezo juu ya mgogoro huo mpaka liombwe. Kwa maneno ya mtaani: faili iko mezani kwangu, usiiguse. Njia ya kulizunguka sharti hilo ilitafutwa mwaka 1950, na suala la Kongo ni mojawapo ya yale yaliyopitishwa njia hiyo mapema. Septemba 1960, wakubwa walipokwama kwa kura ya turufu, suala letu lilipelekwa kwenye kikao maalumu cha dharura cha Baraza Kuu. Uhuru ulikuwa haujatimiza miezi mitatu, na tayari kulikuwa na mvutano wa nani ashike faili letu.

Tangu hapo tumeshikiliwa sana. Mwezi Mei 2010 MONUC ikageuzwa MONUSCO kwa Azimio 1925. Mwishoni mwa Juni 2024 MONUSCO ikamaliza kazi yake Kivu Kusini, ikafunga ofisi ya Bukavu. Katikati ya Februari 2025 wapiganaji wa M23 wakaingia mjini. Tarehe 21 Februari, siku chache baadaye, Baraza la Usalama likapitisha kwa kauli moja Azimio 2773, likiwataka M23 waondoke na jeshi la Rwanda liache kuwaunga mkono.

“Kofia wamezifungasha, magari wameyafungasha,” Mzee alisema polepole, “lakini suala hawakuliacha, bado wamelishika. Mama huyu wa sabuni anaweza kwenda kuuliza sabuni zake. Sisi kuuliza suala letu tunakwenda wapi?”

Mpwa alirudi kwenye kompyuta yake kimya.

*

Turudi kwenye karatasi ya mama. Ilikuwa nusu ukurasa wa daftari la shule, yenye mistari. Juu yake tarehe, chini yake sahihi isiyosomeka, na katikati maneno matatu ya Kifaransa yenye maana ya “bidhaa mbalimbali zimekamatwa.” Basi. Mama alikuwa ametoka ng’ambo ya Ruzizi, upande wa Rwanda, na katoni tatu za sabuni na bido mbili za mafuta ya kupikia. Ni biashara ya kichwa na mgongo ambayo maelfu ya akina mama wa mji huu huifanya asubuhi na kurudi jioni. Ofisi iliyomkamata sitaitaja.

Nimemwona Mzee akisoma karatasi nyingi tangu siku ile. Umaskini wa karatasi haumkasirishi, wala makosa ya Kifaransa. Neno “mbalimbali” ndilo linalomkasirisha.

“Vitu mbalimbali si vitu,” anasema. “Hakimu atarudisha mbalimbali ngapi? Sheria ile ya 1959 inataka vitu vielezwe. Inataka mwenyewe aonyeshwe, avitambue, atie sahihi. Asipotia, iandikwe kwa nini hakutia. Hiyo ndiyo peve, hati ya kukamatia. Peve ni kamba ya ng’ombe. Ukimtia ng’ombe zizini bila kamba na bila alama, kesho utanitolea mbuzi useme ndiye.”

Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Walidhani wanamwonya mfanyabiashara mzembe. Hawakujua kwamba siku moja daftari litakuwa mkononi mwa anayechukua.

Kisha akatoa Katiba kwenye droo, ile iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Nakala yake imelainika kama kitambaa. Akaifungua kifungu cha 34, kinachosema mali ya mtu binafsi ni takatifu. Kidole chake kikateremka mpaka sentensi ya mwisho, akaisoma kwa Kifaransa, kisha akanigeuzia kwa Kiswahili neno kwa neno: hakuna mtu anayeweza kushikwa katika mali zake ila kwa nguvu ya uamuzi uliotolewa na mamlaka ya mahakama yenye uwezo huo.

“Umesikia? Haisemi mali isishikwe. Inasema mtu asishikwe katika mali zake. Aliyeandika hapa alijua. Ukishika sabuni ya mama huyu, umemshika yeye. Umeshika ada ya shule, umeshika sombe ya jioni. Ndiyo maana alisema vile: mi njo balisezire. Hakusema sabuni. Kifaransa chake ni cha barabarani, lakini alisema sawasawa na Katiba.”

Nilirudi nyumbani nikaitazama sentensi hiyo mwenyewe. Ni kweli, imeandikwa hivyo. Nimeipita mara nyingi bila kuiona.

*

Mtu anaweza kusema haya ni madoido ya maneno, na mwenye nguvu mpishe. Mji huu una sababu ya kuwaza hivyo. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yanapewa wananchi. Wazee wa hapa wanakumbuka funguo zilivyobadilisha mikono, rafu zilivyobaki wazi, na jinsi ambavyo kabla ya miaka mitatu kutimia serikali ilikuwa imeshaanza kuwarudishia wenyewe. Tanzania walikuwa na neno lao tangu 1967, kutaifisha, ambalo angalau linataja kitu kinapokwenda: kwa taifa. Letu lilibeba jina la Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule, na vitu vikaishia kwa watu wenye majina yao.

Baada ya hapo ni majeshi. Sina haja ya kumworodheshea msomaji wa Bukavu miaka: 1996, 1998, 2004, 2025. Nilimuuliza Mzee kama aliwahi kuletewa hati ya kitu kilichochukuliwa na mwenye bunduki, wa upande wowote. Alifikiri kwa muda mrefu, akiwahesabu watu kichwani.

“Gari, ndiyo, watu wameniletea habari ya magari. Nyumba, ndiyo. Hati, hapana. Mwenye bunduki hasezire. Kusezire ni neno la mtu anayejua kuna siku ataulizwa.”

Nikamuuliza swali lililokuwa likinizunguka tangu Februari 2025. Mshikaji akiwa si yule ambaye Katiba inamjua, na ofisi ikiwa ileile lakini bendera yake si ileile, barua hizi anazoandika anamshikisha nani? Hakunijibu. Alifunga Katiba yake, akairudisha droo, akaniuliza kama nimekula.

Labda jibu lipo katika yale anayoyafanya kila siku, nami sikulielewa. Labda halipo. Najua tu kwamba benchi la mlangoni halikai tupu. Watu wanakuja na nusu kurasa zao, naye anawauliza maswali yaleyale: nini, ngapi, rangi gani, lini, nani alikuwepo. Anaandika kwa Kifaransa kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi, kisha anasoma kwa Kiswahili mpaka mwenye barua aseme ndiyo, hayo ndiyo maneno yangu. Hapo ndipo anampa kalamu. Nakala moja inabaki kwake, ndani ya katoni zilizopangwa ukutani hadi karibu na dari.

*

Barua ya mama wa sabuni nilishuhudia ikimalizika. Ilichukua karibu saa nzima. Mtoto aliamka, akanyonya, akalala tena. Mzee alikuwa amefika kwenye orodha, mahali ambapo yeye hawezi kuharakishwa.

“Bido mbili za mafuta. Rangi?”

“Njano.”

“Zimejaa?”

“Zimejaa.”

“Sabuni katoni tatu. Kila katoni michi mingapi?”

“Ishirini na ine.”

Mzee akaandika, akapiga hesabu pembeni: tatu mara ishirini na nne, sabini na mbili. Akaanza kulisoma fungu lote kwa sauti, kwa Kiswahili, ili mama athibitishe. Alipofika kwenye sabini na mbili, mama akamshika mkono.

“Hapana, Papa. Sabini tu. Mbili nilikuwa nimekwisha kuziuzisha mu njia.”

Mzee akamtazama juu ya miwani. Wale walikuwa wamemwandikia “mbalimbali.” Mbili za ziada nani angezijua?

“Andika sabini,” mama akasema tena.

Akakata sabini na mbili kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika sabini, na pembeni ya mkato, kama karani wa mahakama anavyofanya, akaweka sahihi ndogo ya masahihisho. Kisha akamgeuzia mama karatasi, akamtilia kalamu kiganjani.

“Haya, mama,” akasema. “Shika.”